Tuwapeleke Momela Kabla Hawajakua



Jumamosi iliyopita tuliwatembelea watoto wetu wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alikuwa akiwaeleza habari za uumbaji, nasi tukaomba ruhusa ya kuuliza swali moja dogo: ni nani kati yao amewahi kumwona twiga kwa macho yake mwenyewe? Tulidhani swali hilo ni jepesi mno. Sisi ni watu tunaoishi chini ya Mlima Meru. Kutoka mjini Arusha hadi lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na magari ya watalii hupita karibu na kanisa letu tangu alfajiri. Lakini mikono iliyoinuka ilikuwa michache sana. Binti mmoja wa miaka 9, aliyeketi mbele, akatujibu kwa unyofu: "Baba Paroko, mimi nimewaona kwenye simu ya baba. Baba anawaona kila siku."

Baba yake tunamfahamu. Ni dereva na mwongoza watalii, mtu mwadilifu, asiyekosa Misa anapokuwa nyumbani. Kwa miaka mingi amewapeleka watoto wa watu wengine, waliotoka Ulaya na Marekani, kwenda kuwaona wanyama wa nchi yetu. Watoto wake mwenyewe alikuwa hajawapeleka hata mara moja. Tulipomwuliza sababu, alitupa jibu lililotufunga kinywa: "Baba, Juni na Desemba ndipo tunapopata mkate."

Hatuandiki haya ili kumlaumu. Yeye mwenyewe ametukubalia tuyaandike. Tunayaandika kwa sababu jibu lake ni jibu la nyumba nyingi za parokia hii. Msimu mkubwa wa watalii huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba, kisha hurudi tena Desemba. Likizo ndefu za watoto wetu ni Juni na Desemba. Hivyo siku zile zile ambazo mtoto yuko nyumbani ndizo ambazo mwongoza watalii yuko Serengeti, mpagazi yuko mlimani, mpishi yuko kambini, mhudumu wa hoteli hana siku ya mapumziko, na mama mwenye duka la vinyago hawezi kufunga mlango. Arusha inaishi kwa kuwapokea watu wanaotembea na watoto wao. Je, sisi tunaowapokea tutatembea na wa kwetu lini?

Maoni yetu juma hili, ndugu wapendwa, ni haya: kila familia ichague mahali pamoja pa karibu, hapa hapa nchini, iende huko pamoja na watoto, na ifanye hivyo mapema kabla watoto hawajakua. Na kwa familia za upande huu wa Meru, tunapendekeza mahali pa kuanzia pawe Momela.

Hebu tufanye hesabu ndogo kwa pamoja. Mtoto huanza kuishika vema kumbukumbu ya safari akiwa na miaka 6 hivi. Akifika miaka 13 au 14 huingia sekondari, na wengi wa watoto wetu huenda shule za bweni. Kati ya umri huo na huo kuna miaka saba au minane. Kila mwaka una likizo ndefu mbili. Basi mzazi amepewa likizo 14 au 16 tu za kuwa na mtoto ambaye bado anafurahi kumshika mkono barabarani. Toeni humo likizo za msiba na ugonjwa, za ujenzi wa nyumba, na zile ambazo mzazi alikuwa safarini kikazi. Zitabaki ngapi? Baada ya hapo ni kidato cha nne, kisha cha tano katika mkoa wa mbali, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, chuo, kazi, ndoa. Mtoto ataendelea kuja nyumbani, lakini atakuja kama mtu mwenye ratiba yake. Wahenga walituonya kwa maneno machache: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Mtoto hukua hata siku ambazo hatumtazami, wala hatungoji tumalize kazi zetu.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanatupa mfano wa familia iliyosafiri. Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatueleza kwamba Yosefu na Maria walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, na watu wa kawaida walikwenda kwa miguu, pamoja na ndugu na jirani. Nyumba ya seremala haikuwa na fedha za kuchezea, wala hatudhani kwamba kazi haikuwapo. Hata hivyo walikwenda. Na Luka anataja umri wa mtoto katika safari ile ambayo wazazi walimtafuta siku tatu: alikuwa na miaka 12. Baada ya hapo Injili haituambii tena habari za utoto wake. Tunapomkuta tena, ni mtu mzima mwenye miaka kama 30, na Yosefu hatumsikii tena akisafiri naye. Nasi tunaposoma sura hiyo huwa tunawaza: ni heri kwamba Yosefu hakusema "mwakani".

Turuhusuni tuseme na la kwetu. Tulizaliwa katika kijiji kilicho upande wa Usa River. Baba yetu mzazi alikuwa dereva wa lori, na katika ujana wake alipeleka mizigo hadi Momela. Jioni, mama akiwa jikoni, alitusimulia habari za maziwa yenye rangi mbalimbali na ndege wa rangi ya waridi wasiohesabika, na kila simulizi aliifunga kwa ahadi ile ile: "Mwakani nitawapeleka." Mwaka mmoja kulikuwa na ukame. Mwaka mwingine lori lilikuwa bovu. Mwaka uliofuata ilikuwa ada ya dada yetu. Zote zilikuwa sababu za kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumnung'unikia. Tukiwa na miaka 13 tukaingia seminari ndogo. Likizo tulirudi nyumbani tukiwa nusu wenyeji na nusu wageni. Ikafuata seminari kuu, falsafa, mwaka wa uchungaji, teolojia, na hatimaye daraja takatifu la upadre.

Ni baada ya upadrisho ndipo tulipopata gari la kuazima na siku moja ya nafasi, tukampeleka baba yetu Momela. Sisi tuliendesha, naye alikuwa abiria. Wakati huo kisukari kilikuwa kimekwisha kumharibu macho. Tulisimama kando ya ziwa Momela Kubwa, akauliza, "Ndege wapo?" Tukajibu kwamba wapo. "Ni wengi?" Tukasema ni wengi, wamejaa ukingo wa ng'ambo. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi twende, Padre. Mama anatungoja." Hakutaja ile ahadi, nasi hatukumkumbusha. Miaka miwili baadaye Mungu alimwita. Tunamshukuru Mungu kwa siku ile, wala hatuibadilishi kwa fedha. Lakini twajua pia kwamba siku ile ilikuja ikiwa imepinduka: yeye ndiye alipaswa kutuonyesha sisi. Mwanawe alipompeleka, hakuweza kuona. Na alipoweza kuona, alikosa siku moja.

Ndiyo maana, ndugu wapendwa, tunasema kwa msisitizo ambao pengine si wa kawaida yetu.

Kwa nini Momela? Kwanza, kwa kuwa ni karibu. Familia inaondoka baada ya uji wa asubuhi na kurudi kabla ya giza, bila gharama ya kulala. Mwongoza watalii aliyepata siku moja tu kati ya wageni na wageni anaweza kuitumia. Pili, kwa kuwa mtoto hachoki kabla ya kuona kitu. Mara tu baada ya kuingia hifadhini kuna uwanda uitwao Serengeti Ndogo, na hapo huonekana punda milia, nyati, ngiri na twiga. Msituni wamo mbega weusi wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani, ambao huruka kutoka mti hadi mti. Kutoka ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita tatu hivi, mtoto anaona wanyama wakiwa wadogo kama siafu, na anajifunza kwamba kuna mahali ambapo binadamu haruhusiwi kushuka, kwa maana pameachwa kuwa pa wanyama. Hilo peke yake ni somo jema kwa kizazi kinachodhani kila kitu ni cha kununuliwa.

Kisha yako maziwa yenyewe: Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Kusare, Tulusia na El Kekhotoito. Maji yake ni ya magadi, na madini pamoja na mimea midogo ya majini hutofautiana kutoka ziwa hadi ziwa. Kwa sababu hiyo rangi zake hazifanani, ingawa yamekaa jirani kama vyumba vya nyumba moja. Heroe, ndege wale wa waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo, hufuata chakula chao humo, mara wengi, mara wachache. Asubuhi isiyo na mawingu, upande mmoja unauona Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na upande wa pili Kilimanjaro. Mwambieni mtoto atazame vizuri jinsi Meru ulivyomeguka upande wa mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo wa mlima uliporomoka, na vilima vidogo vidogo anavyoviona Momela ni masalia ya poromoko lile. Mlima wenyewe ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910, wakati ambapo babu wa babu yake pengine alikuwa hai. Mtoto aliyeoneshwa jambo hilo hatasoma jiografia kama orodha ya kukariri.

Tatu, Momela pana historia yetu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, ikaitwa Arusha. Wageni wengi wa rika la wazee wanaifahamu Momela kwa filamu ya mwaka 1962 iitwayo "Hatari!", iliyopigwa katika maeneo hayo. Lakini kuna habari iliyo kubwa kuliko filamu. Mbele kidogo ya lango la Momela ndiyo njia ya Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya huko ili ipewe walowezi. Mwaka 1952 mwana wa Meru, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kupeleka malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka tisa kabla ya Uhuru. Ni watoto wangapi wa Arusha wanaojua kwamba sauti ile ilitoka hapa, chini ya mlima wanaouona kila asubuhi wakienda shule? Mzazi akisimama Momela na kusimulia hayo kwa kinywa chake, amefanya kazi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kuifanya peke yake.

Tunajua kwamba si kila umri unafaa kwa kila safari, na hapa wazazi hukosea. Mtoto wa miaka 4 au 5 hahitaji mwendo mrefu. Miguu yake ni mifupi na usingizi wake ni wa mchana. Kwake Ziwa Duluti pale Tengeru, lenye njia ya msituni kando ya maji, linatosha kabisa. Mtoto wa miaka 7 hadi 12 ndiye wa Momela: anauliza, anahesabu, anakumbuka, na bado anaamini kwamba baba na mama wanajua kila kitu. Aliyepita miaka 13 anahitaji mahali penye maswali makubwa zaidi. Mpelekeni Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni. Mpelekeni Tengeru kwenye makaburi ya wakimbizi wa Poland, karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliopokewa hapa wakati wa Vita Kuu ya Pili baada ya kuzunguka dunia wakitafuta usalama. Mkijaliwa zaidi, nendeni Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika Urithi wa Dunia, au Bagamoyo, ambako wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Na kijana huyo mpeni nafasi ya kuipanga safari mwenyewe, aulize nauli, apange chakula. Akiipanga ataipenda, akiburutwa, atakaa na simu yake njia nzima.

Sasa tuyatazame mambo yanayotuzuia, kwa kuwa tunayasikia kila tunapoligusa jambo hili.

La kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba maisha ni magumu, na wapo kati yetu ambao nauli ya kufika mjini ni mzigo, hao tutawarudia. Lakini tuseme kweli bila kuoneana haya. Tumehudhuria sherehe za Komunyo ya Kwanza zenye mahema, muziki, mpiga picha za video na keki ya ngazi tatu. Tumeona mahafali ya watoto wa chekechea yaliyogharimu kuliko ada ya muhula. Michango ya harusi huombwa hata na watu tusiowafahamu, na tunaitoa kwa kuogopa maneno. Kiingilio cha raia katika hifadhi zetu hulipwa kwa shilingi, ni kidogo kikilinganishwa na anacholipa mgeni, na mtoto hulipiwa pungufu ya mtu mzima. Familia nne zikichangia gari moja aina ya Noah kwa watoto na lingine kwa wakubwa, gharama ya kila nyumba inakuwa chini ya keki tuliyoitaja. Tunauliza bila kumlenga mtu: mtoto wako atakapofika miaka 30, atakumbuka rangi ya keki?

La pili ni masomo ya ziada. Wazazi wengi wanaona likizo ni nafasi ya tuisheni, na mtoto hurudi shuleni akiwa amechoka kuliko alivyofunga. Hatupingi elimu, sisi wenyewe tumelelewa na vitabu. Lakini siku moja iliyotolewa katika likizo ya siku thelathini haitamfelisha mtoto yeyote.

La tatu linasemwa hasa na ndugu zetu wenye asili ya Kilimanjaro: "Baba Paroko, sisi Desemba tunakwenda kuhesabiwa." Desturi hiyo ni njema sana na tunawaomba msiiache. Mtoto lazima ajue shamba la babu yake na makaburi ya wazee wake. Lakini tuitazame Desemba ilivyo. Wakubwa huwa na vikao vya ukoo, ndoa, ubatizo na nyama. Watoto huachwa na binamu zao tangu asubuhi hadi usiku. Wanakutana na ukoo, na hilo ni jema, lakini hawakutani na baba yao. Tunachokipendekeza ni siku nyingine, ya familia peke yake, ambayo mtoto hana wa kugombania naye masikio ya mzazi.

La nne ni hilo la mkate, nalo ndilo zito kuliko yote. Kwa ninyi mnaoishi kwa utalii, hatuwezi kuwaambia muache kazi Juni. Lakini ipo likizo fupi iangukiayo karibu na Pasaka, na ipo nyingine ya Septemba. Aprili na Mei ni miezi ya masika. Wageni huwa wachache na magari mengi ya safari hulala. Wakati huo ndipo baba yuko nyumbani, mara nyingi akiwa na wasiwasi wa fedha na asijue la kufanya na siku zake. Barabara zina matope, hilo ni kweli, na mlima hujificha mawinguni. Lakini nchi ni ya kijani, na baba yupo. Ni bora Momela ya matope pamoja na baba kuliko Momela ya jua ndani ya simu yake.

Ndugu yetu yule mwongoza watalii alilifikiria neno hilo tulipozungumza naye kwa mara ya kwanza. Hakungoja Pasaka. Wageni wake walipoahirisha safari, akapata siku mbili za nafasi, na siku ya pili akawachukua mkewe, watoto wake watatu, pamoja na watoto wawili wa jirani ambao baba yao ni mpagazi. Jioni mkewe alitupigia simu kutushukuru, kisha akampa simu yule binti wa miaka 9. Tulitegemea atuambie habari za twiga. Alituambia hivi: "Baba Paroko, kumbe baba anajua majina ya ndege wote! Hata wale wadogo!" Miaka 9 ameishi na mtu huyo nyumba moja, akimwona anavyoondoka na mkoba na kurudi amechoka, wala hakuwahi kujua kwamba baba yake ni bingwa wa jambo fulani. Watu wa Ulaya walilijua hilo kabla yake. Tulipoweka simu chini tulimshukuru Mungu, na hatuoni haya kusema kwamba tulimkumbuka dereva mmoja wa lori.

Basi tunawaomba mambo machache ya kutekelezeka. Kila nyumba ikae chini juma hili, baba, mama na watoto, na kutaja siku. Siyo "mwakani" wala "Mungu akijalia tu", ila tarehe, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Kama siku iliyochaguliwa ni Dominika, familia isali kwanza Misa ya kwanza, kisha iende. Ulizeni mapema kiasi cha kiingilio na njia ya kukilipia, msije mkarudishwa langoni. Bebeni chakula cha nyumbani, wali na maharage ndani ya hotpoti havina aibu, ila msiwape nyani na kima, kwa maana mnyama aliyezoea chakula cha binadamu huwa adui wa binadamu. Takataka zenu rudini nazo. Na mifuko ya plastiki, kama mjuavyo, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Wazazi wazime simu walau kwa saa mbili. Picha moja ya familia inatosha.

Ama kwa wale ambao hata nauli ni mzigo, hapa tunazisemesha Jumuiya Ndogo Ndogo. Mnajua kwa majina nyumba za wajane, za mama wanaolea peke yao, na za watoto wanaolelewa na bibi. Jumuiya ikikodi Coaster moja, viti vitatu au vinne viwe vya watoto hao, bila kutangaza ni vya nani na nani amevilipia. Jumuiya zinaweza kuanza kibubu sasa, kidogo kidogo kila juma baada ya sala, hadi ifike likizo fupi ya Pasaka. Sisi tutakuwa wa kwanza kutia humo. Na kama hata hilo halitoshi, kumbukeni kwamba barabara iendayo Ngare Nanyuki hupita ndani ya hifadhi. Abiria wa basi la kawaida wamewahi kuwaona twiga dirishani wakielekea kusalimia ndugu. Asiye na uwezo wa kuingia langoni anaweza kumketisha mtoto upande wa dirisha na kumwambia: tazama.

Tunajua watakuwapo watakaosema Padre ameacha Injili na kuhubiri utalii. Tunawajibu kwa upole kwamba tumezika wazazi wengi katika parokia hii, na tumeketi na watoto wao usiku wa mkesha. Hatujasikia mtoto akilalamika kwamba baba hakumwachia kiwanja kikubwa zaidi. Tumesikia, mara nyingi kuliko tunavyopenda, mtu mzima mwenye mvi akisema: "Sikumfahamu sana mzee. Alikuwa kazini." Malezi ni wito uliotolewa kwa muda. Watoto tumekabidhiwa, hatukupewa wabaki nasi daima, na anayekabidhi atauliza.

Likizo ijayo haiko mbali, na Momela ni hapo tu, nyuma ya mlima. Chagueni siku.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwasindikize katika safari zenu zote. Tumsifu Yesu Kristo!

Ni sisi, Paroko wenu.